Mavyaa Anataka Kuiona Lamu, Shangazi Anataka Tulale Kwake

Assalaam aleikum, Mshauri.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Malindi. Nimeolewa na mtu wa Mumias na tumejaaliwa watoto wawili, mmoja wa gredi ya nne na mwingine wa gredi ya saba. Shule zikifungwa mwezi wa Agosti, mavyaa wangu anakuja kukaa nasi, na amekwisha kumwambia mwanawe kwamba hatarudi Mumias kabla hajakanyaga Lamu, kwa kuwa tangu utotoni amewasikia masheikhe wa kwao wakiutaja msikiti wa Riyadha. Tumekubaliana kwenda kwa usiku tatu, tena kwa basi, kwa sababu nauli ya ndege ya watu watano hatuimudu.

Shida yangu imeanzia kwa shangazi, dada yake marehemu baba, ambaye anaishi Langoni, mtaa wa Lamu mjini. Nilipompigia kumjulisha kuwa tunakuja, hata salamu hazijakwisha akasema kwamba chumba cha juu kimeshafagiliwa na magodoro yameanikwa. Shangazi nampenda, lakini nyumba yake ni ya kale, ngazi zake zimesimama wima, choo kiko chini, na humo ndani anaishi pamoja na binti yake, mkwewe na wajukuu wanne. Mavyaa ana maradhi ya magoti na hutembea kwa mkongojo. Mume wangu naye ni mtu wa haya. Najua atakaa siku zote hizo bila kula akashiba. Ningependa tulale gesti, ila naogopa itasemwa kwamba nimempeleka mavyaa Lamu nikamlaza nyumba ya kukodi kana kwamba sina kwetu.

Juu ya hayo, mume wangu ameletewa ratiba na mwenzake wa kazini aliyewahi kufika huko. Siku ya kwanza ni makumbusho na ngome, siku ya pili Pate na Siyu, siku ya tatu Matondoni, Kipungani na Takwa, na asubuhi ya kuondoka tuogelee Shela kabla ya kupanda basi. Nikiisoma nachoka kabla sijafunga mkoba, lakini yeye anasema kwamba hatutakwenda Lamu kila mwaka, kwa hiyo tusiache kitu.

Naomba unishauri tulale wapi, nimwambie nini shangazi, na katika ratiba hiyo tubakishe nini.

Mwalimu, Malindi

JIBU

Wa aleikum salaam, Mwalimu.

Laleni gesti. Nimelitanguliza jibu hilo kwa sababu naona ndilo lililokunyima usingizi, na kwa sababu mengine yote unayoniuliza yanalitegemea. Heshima ya shangazi yako haimo katika godoro mtakalolalia. Imo katika kuambiwa mapema, kuambiwa na wewe mwenyewe, na kupewa nafasi ya kuwalisha wageni wake. Mwanamke wa Langoni ambaye mgeni wake wa kwanza kutoka bara hakula kwake atalizungumza jambo hilo mpaka mwaka upinduke, lakini yule ambaye mgeni wake alikula kwake, akapumzika kwake, kisha akaenda kulala karibu kwa sababu ya magoti, hana cha kulalamikia mbele ya majirani.

Basi mpigie simu tena, usimtume mama yako wala binamu, na usiandike ujumbe. Anza na magoti ya mavyaa, kwa kuwa ni kweli na kwa kuwa yeye mwenyewe anazijua ngazi zake kuliko mtu yeyote. Mweleze kwamba mama huyu huamka usiku zaidi ya mara moja, na kwamba kumshusha gizani hadi chooni ni hatari ambayo hutaki imtokee nyumbani kwake. Kisha, kabla hajapata la kujibu, mwombe mambo mawili: chakula cha siku ya kwanza mkile kwake, na siku ya pili mavyaa ashinde kwake mchana kutwa. Ya haya ya mume wako usiyataje kabisa. Hiyo ni siri ya nyumba yenu, na shangazi akiisikia atadhani amekataliwa. Atakasirika kidogo. Mwache akasirike sasa kwenye simu, ili mtakapofika hasira iwe imekwisha na amebakiwa na shughuli ya kupika.

Wala msiende mikono mitupu. Siku mbili kabla ya safari mtumie fedha za mchele, nyama na nazi, umwambie ni za watoto wa nyumba, kwa sababu wageni watano juu ya watu saba si mzigo mdogo kwa mtu anayeishi kwa kipato cha mkwe. Mavyaa naye, akija na njugu au mtama wa kwao, asivimalizie Malindi; zawadi iliyotoka Mumias ikakabidhiwa Langoni kwa mkono wake mwenyewe itawafunga wazee hawa wawili kuliko maneno yako yote.

Kuhusu gesti yenyewe, kosa la wengi ni kuuliza bei na kusahau kuuliza ngazi. Nyumba za mji wa kale wa Lamu zilijengwa kwa kupanda juu, na wenye gesti huvipenda vyumba vya ghorofani kwa ajili ya upepo, hivi kwamba chumba kizuri kuliko vyote mara nyingi ndicho kilicho karibu na paa la makuti. Kijana atakifurahia, mavyaa atafungwa ndani yake. Uliza kama kuna chumba cha chini chenye choo ndani, uliza ni vidato vingapi kutoka mlangoni, na uliza ni mwendo gani kutoka gatini. Tafuta upande wa ufukoni au karibu na barabara kuu ya ndani, ile ambayo watu wa Lamu huiita Usita wa Mui, kwa sababu hapo ardhi ni tambarare, na kadiri unavyoingia ndani ya mitaa ndivyo njia inavyopanda na kuwa nyembamba, huku punda wakipita na mizigo ya mchanga na mawe. Punda hawana adabu ya kumpisha mwenye mkongojo. Hata kutoka ufukoni hadi kwa shangazi mtatembea, kwa kuwa vichochoro hivyo havikujengewa gari, kwa hiyo mwendeni taratibu, na mavyaa akichoka aketi katika baraza yoyote iliyo mbele yake. Baraza za Lamu ziliwekwa nje ya milango kwa ajili ya kukaa watu, na hakuna atakayemwondoa. Ikiwa mwajua familia nyingine ya kushirikiana nayo, zipo pia nyumba nzima zinazokodishwa pamoja na mpishi, na gharama ikigawanywa huwa nafuu kuliko vyumba vitatu vya gesti. Ila kwa watu watano peke yenu nisingejisumbua.

Sasa tarehe, jambo ambalo katika barua yako halikutajwa kabisa, nami naliona ni zito kuliko ratiba. Kwanza, mwulizeni mavyaa kwa upole: anataka kuuona msikiti wa Riyadha, au anataka kuyahudhuria maulidi yake? Hizo ni safari mbili mbalimbali. Maulidi ya Lamu husomwa katika Mfungo Sita, yaani Rabiul Awwal, na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, miaka ya karibuni mwezi huo umekuwa ukiangukia Septemba na kusogea ndani ya Agosti. Yakiwadia, mji hujaa wageni kutoka pwani yote na ng'ambo, gesti hukodiwa mapema sana, na hata nyumba ya shangazi itakuwa na wageni wengine ambao hukuwahi kuwaona. Ikiwa ndiyo anayoyataka, basi futeni matembezi yote ya baharini, mkae mjini, mumwache ashibe zefe, yale maandamano ya maulidi, na kasida. Ikiwa anataka tu kuuona msikiti alioujenga Habib Swaleh, yule aliyetoka Ngazija akaja kufanya Lamu kuwa kituo cha elimu, basi kwendeni nje ya siku hizo, mji ukiwa umetulia na watu wana nafasi ya kuzungumza naye. Shangazi yako yuko jirani na hapo. Yeye ndiye wa kumpeleka na kumweleza taratibu, si mwongoza watalii.

Pili, tazameni mwezi wa angani. Mtu wa Malindi hahitaji kufundishwa bahari, lakini huko Lamu maji si ya kuogelea tu, ndiyo barabara. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu ni bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kiasi, na katika pwani yetu bamvua maji hujaa alfajiri na tena alasiri, kwenye saa kumi hivi au saa kumi na moja, na hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50, hata baada ya juma moja yawe maji mafu, na mambo yamegeuka: yanajaa asubuhi, yanakupwa alasiri, na tofauti kati ya kujaa na kupwa ni ndogo. Kwa nini nalitilia mkazo? Kwa sababu magofu ya Takwa, yaliyomo katika kisiwa cha Manda, huendewa kwa mkono wa bahari unaopita katikati ya mikoko, na chombo hakipiti humo ila maji yakijaa. Aliyekwenda maji yakiwa mazuri husema Takwa ni mbele ya pua, na aliyepitwa na maji hukaa matopeni akisubiri. Mkichagua siku za bamvua mtaondoka mjini baada ya adhuhuri, mtafika maji yakielekea kujaa, mtatazama, na mtarudi kabla ya magharibi bila kukimbizana.

Kwa hiyo Takwa ibaki katika ratiba, na kama mngeniruhusu kitu kimoja tu nje ya mji ningechagua hiyo. Ni mji ulioishi tangu karne ya 15 hadi ya 17 kisha ukahamwa, na msikiti wake wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla haufanani na wowote watoto waliouona, hata wakiwa wameshafika magofu ya Gede na shule. Lakini mavyaa asiende. Kushuka kwenye chombo pale ni kukanyaga maji na tope, na hiyo ndiyo siku niliyokuambia ashinde kwa shangazi. Usimwonee huruma kwa kukosa magofu. Wazee wawili waliolea watoto na kuzika waume, mmoja wa Mumias na mmoja wa Langoni, wakiachwa peke yao na chai na kaimati, wana mazungumzo ambayo ninyi mkiwapo hayatoki.

Pate na Siyu futeni. Si kwamba hazina thamani. Ngome ya Siyu inastahili safari yake yenyewe. Lakini chombo cha abiria kwenda huko hufuata maji katika mlango mwembamba wa Mkanda, huondoka kwa saa zake si kwa saa zenu, na huenda mkalazimika kulala huko. Kuliweka jambo hilo katikati ya usiku tatu, mkiwa na mama wa mkongojo, ni kujitafutia ugomvi. Kipungani nayo iacheni. Matondoni, ambako bado majahazi huundwa kwa mkono, ingemfaa mtoto wa gredi ya saba, na ikiwa baba yake ana nguvu asubuhi moja wanaweza kwenda wawili wakati wengine wamelala. Hilo liwe la hiari, lisiandikwe.

Makumbusho na ngome yanatosha asubuhi moja, tena bila haraka. Ngome ilianza kujengwa karibu na mwaka 1813 na kukamilika mwanzoni mwa miaka ya 1820, baada ya watu wa Lamu kuwashinda Wapate na Wamazrui waliotawala Mombasa katika vita vya Shela, na uwanja ulio mbele yake ndio mahali pazuri kuliko pote pa kumkalisha mavyaa kivulini akiutazama mji ukipita. Makumbusho yaliyo ufukoni muyaingie kabla ya ile nyumba ya Kiswahili iliyohifadhiwa, ili watoto wakifika katika zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na vyumba vyake wajue wanatazama nini. Chukueni vitambulisho vyenu na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwa kuwa raia hulipa ada ndogo kuliko mgeni wa nje. Ikiwa siku hiyo ni Ijumaa, malizeni mapema. Mji hufunga kwa ajili ya sala, na mume wako bila shaka atataka kuswali.

Shela hamuwezi kuiacha, lakini haiwezi kuwa ya asubuhi ya kuondoka. Iwekeni siku ya tatu. Mavyaa na wewe mwende kwa mashua. Mume na watoto, maji yakiwa yamekupwa, wanaweza kwenda kwa miguu kandokando ya ufuko, mwendo wa kilomita tatu hivi, ila maji yakijaa sehemu za njia hiyo huzama. Agosti ni msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini, na upande wa Shela unaoelekea bahari kuu mawimbi huwa na nguvu, kwa hiyo watoto waogelee karibu na kijiji, si mbali kule kwenye vilima vya mchanga ambako hapana watu. Na muingie kijijini mkiwa mmevaa. Wewe hilo unalijua, lakini binti au mvulana aliyezoea fukwe za Malindi atahitaji kukumbushwa.

Vyombo vyote mkubaliane bei ya chombo kizima na si ya kichwa, kwenda na kurudi na muda wa kusubiri vikiwamo, kabla mtu hajapanda, na mlipe mkisharudi. Nahodha asiye na majaketi ya kujiokolea ya kuwatosha watoto mpisheni, hata akiwa jamaa ya shangazi. Hasa akiwa jamaa ya shangazi, maana huyo hutaweza kumgombeza.

Imebaki njia. Kutoka Malindi hadi Mokowe, gati la bara ambako basi huishia na mtu hupanda chombo cha kuvukia Lamu, kwa Garsen na Witu ni zaidi ya kilomita 200, na mabasi mengi hutokea Mombasa asubuhi, kwa hiyo tiketi zikatwe mapema ili mavyaa apate kiti cha mbele mlangoni. Siku moja kabla, nendeni ofisi ya basi mkaulize hali ya njia: mvua zikizidi Mto Tana hufurika na kuikata barabara upande wa Garsen na Gamba, kama ilivyotokea mwaka 2023 na 2024, na upande wa Lamu kumekuwa na mashambulizi yaliyofanya serikali kuweka vizuizi na ulinzi wa magari. Agosti mafuriko si ya kutarajiwa sana, lakini usalama ni wa kuulizwa daima. Safirini mchana tu. Katika vizuizi abiria hushushwa na kuonyesha vitambulisho, basi mwombeeni mavyaa kwa askari abaki kitini. Mara nyingi hukubali wakimwona.

Mokowe kuna vidato vya gatini, na maji yakiwa yamekupwa ni virefu na vina utelezi. Mkifika yakiwa chini kabisa, kaeni mnywe chai maji yapande kidogo, kwa sababu chombo kikiinuka mavyaa hashuki sana. Mwanamume mmoja atangulie chomboni, mwingine abaki nyuma yake. Mkishuka Lamu, mpeni hamali mizigo aipeleke gesti pamoja na mtoto mkubwa, nanyi mwende moja kwa moja kwa shangazi, na vumbi lenu la safari, akawapokee yeye kwanza.

Kurudi kunahitaji jambo moja mlipange na shangazi mapema. Mabasi ya kutoka Mokowe huondoka asubuhi sana, na ili kuyawahi mtavuka mkondo karibu na alfajiri. Atataka kuwaandalia chai ya kuondokea, msiikubali. Mwende kwake usiku wa kuamkia safari baada ya isha, muage kabisa, na mahamri yake myachukue usiku huo huo yafungwe kwa ajili ya njiani.